Heko kwa Tegemezi

Tangu bendera ipandishwe tumefundishwa kuuona utegemezi kuwa aibu. Nyerere alitangaza Azimio la Arusha Februari 1967, na mwezi uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea. Kwetu Kenya wito ulikuwa Harambee, na hadi leo kila mgombea anayepanda juu ya gari pale sokoni Suneka, kwetu Gusii, hutuahidi kwamba akichaguliwa yeye, safari hii tutajisimamia. Sijamsikia hata mmoja akishika kipaza sauti na kusema, "Watu wa Bonchari, nawaombea tegemezi nyingi." Kwa kuwa hawasemi, nitasema mimi, tena bila kulipwa.

Simzungumzii binamu anayekuja kukaa wiki moja akamaliza mwaka. Huyo ana watetezi wake. Ninayemsifu ni Tegemezi wa mafundi wa kompyuta, hasa wale wanaojenga mfumo endeshi wao wenyewe wa kutia ndani ya kifaa kidogo: mita ya stima, rauta, mashine ya ATM, kisanduku cha kuuzia maji kwa kadi. Tegemezi ni kipande cha programu ambacho kipande kingine kinakihitaji ili kijengwe, au ili kifanye kazi kikishajengwa. Katika kazi hiyo yote hakuna anayetukanwa kumpita. Analaumiwa kwa usiku wa kukesha, kwa bando zilizokwisha, kwa wateja waliochoka kungoja. Wanamwonea.

Anayesifu huanzia kwenye ukoo, na ukoo wa Tegemezi si wa juzi. Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Windows XP Embedded, mfumo uliokatwakatwa kuwa vijenzi zaidi ya 10,000 ili mjenzi achukue anavyovitaka na kuviacha vingine. Wazo zuri mno. Mjenzi aliteua vijenzi vyake vichache kwa staha, kisha akabonyeza amri ya kukagua tegemezi. Chombo kikaanza kuongeza. Kila kilichoongezwa kilikuja na mahitaji yake, nayo mahitaji yakaja na mengine, hadi mtu aliyekuwa na nia ya kifaa chembamba akajikuta na vipande ambavyo hakujua kazi yake na hakuthubutu kuviondoa.

Upande wa Linux ukoo umetanda zaidi. Kuna Buildroot, kuna OpenEmbedded ya mwaka 2003, na tangu 2010 kuna Mradi wa Yocto chini ya Linux Foundation. Yocto humpa mjenzi faili za mapishi, ndivyo wenyewe wanavyoziita, zilizopangwa tabaka kwa tabaka (si mji wa Tabaka wa wachonga mawe ya sabuni, ingawa hata huku watu hutoka na vumbi). Kila faili hutaja inamhitaji nani. Wapo wanaohitajika wakati wa kujenga tu, na wapo wanaohitajika kifaa kinapofanya kazi. Ukiwachanganya hawa na wale, mfumo utajengeka bila kelele, utaupeleka kwa mteja, utauwasha mbele ya watu, nao utasema maktaba fulani haipatikani na kunyamaza.

Tuseme fundi wa Suneka ameombwa na mama mwenye kioski cha maji amtengenezee kisanduku. Mteja aguse kadi, valvu ifunguke, mtungi wa lita 20 ujae, valvu ijifunge, hesabu iende kwa mama kupitia laini ya simu. Basi. Fundi anapiga hesabu kichwani na kuona mfumo mdogo tu utatosha. Anaandika jina moja kwenye orodha yake: ModemManager, programu ya kuongea na modemu.

Hapo ndipo Tegemezi anapoamka. ModemManager inataka GLib. GLib inataka libffi, PCRE2 na zlib. ModemManager pia haisemi na programu nyingine ila kupitia D-Bus, na D-Bus inataka Expat, ambayo kazi yake ni kusoma maandishi ya XML. Kisanduku cha kuuza maji sasa kinajua kusoma XML. Kwa kuwa hesabu ya mama sharti ifike bila kuchunguliwa njiani, fundi anaongeza OpenSSL, na OpenSSL haijengwi bila Perl. GLib nayo hujengwa kwa Meson, na Meson imeandikwa kwa Python. Kwa hiyo Yocto inaanza kwanza kujenga Python nzima kwenye kompyuta ya fundi, Python ambayo haitaingia kisandukuni hata siku moja. Na Python yenyewe haiji mikono mitupu.

Mama anapiga simu.

"Kijana wangu, imefika wapi?"

"Bado inajenga, mama."

"Inajenga nini? Kioski si nilishajenga mwenyewe?"

Ni swali la haki, na ndiyo sababu namsifu Tegemezi: yeye peke yake ndiye mwenye jibu kamili. Fundi hana. Mhubiri wa teknolojia kutoka Nairobi, yule wa viatu vyeupe, pia hana. Ukitaka kujua ndani ya kisanduku kidogo mna nini, mwulize Tegemezi. Atakutajia mmoja mmoja, pamoja na toleo, pamoja na leseni, na kuhusu mwenye kukosekana atakwambia wazi kwamba hakuna anayetoa kitu hicho katika tabaka ulizonazo. Ni ofisi ngapi zingekujibu hivyo saa mbili asubuhi? Nyingi zingekwambia urudi Jumatatu.

Kuhusu subira sitasema mengi, maana sifa yake imeenea. Maelekezo ya Yocto humtaka mjenzi awe na nafasi ya gigabaiti nyingi kwenye diski, ili mwishowe apate kitu kinachoweza kuingia kwenye kumbukumbu ndogo kuliko video moja ya harusi. Ujenzi wa kwanza hula saa nyingi, na mvua ya Gusii haiulizi uko asilimia ngapi kabla ya kuondoka na stima. Lakini Tegemezi si mchoyo. Kila hatua iliyokamilika huwekwa akibani, na ujenzi wa pili, kama hukubadilisha mambo ya msingi, huokota kutoka humo. Anayefuta akiba hiyo apate nafasi ya filamu huanza tena na Python.

Adabu yake inanivutia zaidi, na wengi hawaioni. Katika mipangilio ya kiini cha Linux kuna njia mbili za kuandika uhusiano. Njia moja hutumia neno depends, nayo ni ya mpole: kiendeshi chenye neno hilo hakijitokezi kwenye orodha hadi kile kinachokitegemeza kiwashwe. Hakipigi kelele, hakionekani kabisa. Fundi atatafuta kiendeshi cha kisoma kadi kwenye menyu usiku kucha, ataapa kwamba Linux haikijui kifaa chake, atafikiria kurudi kuuza kadi za simu, kumbe kiendeshi kipo ukurasa uleule, kimekaa kimya kikingoja basi la SPI liwashwe kwanza. Njia ya pili hutumia neno select, nayo ni ya mbabe: kipande humvuta mwenzake kwa nguvu na kumwasha, bila kuuliza kama mahitaji ya huyo mwenzake yametimizwa. Maelekezo ya kiini chenyewe huonya kwamba njia hiyo itumiwe kwa uangalifu. Mipangilio inayovunjika kwa namna za ajabu, mara nyingi ukiifuatilia utamkuta mbabe huyo amepita. Yule mpole hukupotezea usiku mmoja. Mbabe hukupotezea mteja.

Sasa nije kwa wema ambao Gusii ingepaswa kuutambua kabla ya watu wengine wote. Wazee wetu walikuwa na risaga: majirani wanalima shamba la mmoja leo, kesho wanahamia la mwingine, na mwenye shamba anawapikia na kuwapa kinywaji. Hukuitwa mvivu kwa kuita risaga. Uliitwa hivyo kwa kutokwenda kwa wenzako zamu yao ilipofika. Leseni ya GPL, ambayo kiini cha Linux na BusyBox, kifurushi cha amri za vifaa vidogo, vimetolewa chini yake, ni risaga iliyoandikwa na wanasheria: chukua, tumia, uza, lakini ukimpa mtu kifaa, na msimbo wake wa vipande hivyo umpatie pia akiutaka. Linksys iliuza rauta yake ya WRT54G ikiwa na Linux ndani, ikabanwa, na mwaka 2003 ikautoa msimbo. Kutokana na msimbo huo ikazaliwa OpenWrt mwaka uliofuata. Miaka kadhaa baadaye, 2013, vijana wa Nairobi waliotoka shirika la Ushahidi walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwenye Kickstarter kutengeneza BRCK, rauta ya nchi ambayo stima hukatika na mtandao huyumba. Ndani yake waliweka OpenWrt. Tukapiga makofi, na tulistahili kupiga, kwa kifaa cha Kiafrika kilichobuniwa Kenya. Tegemezi alikuwa nyuma ya jukwaa, hakualikwa kwenye picha.

Na alikuwa ametoka mbali. Ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt uliandikwa kwa Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha kikatoliki cha Rio de Janeiro. Programu ya xz, inayobana mafaili, ni kazi ya Lasse Collin wa Ufini, ambaye kwa miaka mingi aliitunza karibu peke yake katika muda wake wa ziada. Kisanduku kikiwashwa Suneka, Mbrazili na Mfini wameshaingia kazini kabla mwenye kioski hajafungua dirisha. Hakuna visa, hakuna nauli, na kwa bahati mbaya mara nyingi hakuna hata asante.

Maadui wa Tegemezi wakifika hapo huniuliza: na ile xz? Wanaichagua makusudi. Ni kweli. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kumsaidia Collin, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha mapema mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mlango wa kuwaingilia watu kupitia SSH, huduma ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Ulitangazwa tarehe 29 Machi na Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akakataa kuipuuza nusu sekunde hiyo. Mimi hapa Kenya nimezoea kusubiri huduma kwa nusu siku, na sina hakika kwamba ningeshtuka.

Lakini tazameni mlango ulipita wapi. SSH yenyewe haikuwahi kuiomba xz. Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliiunganisha na maktaba ya systemd, programu inayoanzisha huduma nyingine, ili iweze kutoa taarifa ndogo tu kwamba imeanza kazi, na maktaba hiyo ikaja na ya xz mgongoni. Tegemezi wa tegemezi. Fundi wa kisanduku cha maji aliyetumia Dropbear badala ya OpenSSH, na ambaye hakuweka systemd kwa sababu kumbukumbu yake haikutosha, mlango huo haukumhusu. Umaskini wa kumbukumbu ulimpa usalama ambao kampuni kubwa zilikuwa zikiutafuta kwa fedha. Kwa hiyo namshukuru Tegemezi hata katika kosa lake, kwa sababu ukoo wake ulikuwa umeandikwa, na palipoandikwa mtu anaweza kufuata nyayo. Mlango ulikuwa wa mtu mwovu. Njia ya kuufikia ilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa akiisoma.

Iko pia tegemezi isiyo faili wala maktaba, na hii imeingia hadi jikoni kwetu. Mita za tokeni za Kenya Power hufuata kanuni ya kimataifa inayoitwa STS. Hadi mwaka 2024 kila tokeni ilibeba ndani yake wakati ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24. Biti 24 hutosha kuhesabu dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zikigawanywa kuwa siku na miaka, ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Waliochagua mwanzo huo waliona miaka 31 ni mingi, na kwa kweli ilikuwa mingi, hadi ilipokwisha.

Ndiyo sababu mwaka huo tuliombwa sote tuzisasishe mita zetu. Ukanunua tokeni kama kawaida, na badala ya nambari moja ukaletewa tatu, kila moja ya tarakimu 20, za kuingizwa kwa mpangilio wake: mbili za kuibadilisha mita, ya tatu ndiyo stima yenyewe. Tarakimu 60, mita imewekwa juu ya mlango, mtoto amepanda kiti, baba anasoma kwenye simu, na jirani anashauri kutoka dirishani. Nchi nzima ilifanya kazi ya kutunza tegemezi bila kujua jina la kazi hiyo, wala mshahara. Mgombea gani amewahi kutuunganisha hivyo?

Wanaomtesa Tegemezi ni wa aina tatu, na wawili kati yao nitawapita haraka. Yupo anayetaka kila kipande kiwe cha leo asubuhi. Mfumo wake hujengeka Jumanne na kukataa Jumatano, naye hulaumu mtandao. Yupo anayeapa kuandika kila kitu mwenyewe, pamoja na usimbaji wa siri, jioni baada ya kazi, huyu tumwombee. Wa tatu ndiye mpole wa sura na ndiye mbaya kuliko wote. Mfumo ukishafanya kazi huugandisha. Haugusi tena. Anasema kisichoharibika hakirekebishwi. Anakiuza kisanduku kimoja, cha kumi, cha mia, vyote na OpenSSL ileile ya mwaka aliouzia cha kwanza. Mwezi Aprili 2014 dosari ya Heartbleed ilipotangazwa katika OpenSSL, waliokuwa na orodha ya tegemezi zao na matoleo yake walijua siku ileile kama wamo au hawamo. Yeye angelazimika kufungua kisanduku kimoja kimoja kwa bisibisi, kutoka Suneka hadi Migori, kama angekumbuka alipoviuza.

Kufunga toleo si kosa. Kila mjenzi mwenye akili hufunga matoleo, ili kilichojengwa leo kijengeke vilevile mwakani. Lakini aliyefunga ndiye anayepaswa kufungua, kwa tarehe anayoijua na kwa sababu anayoweza kuitaja. Matoleo ya Yocto ya muda mrefu hutunzwa kwa miaka michache kisha huachwa: lile la 2022 lilitangaziwa mwisho wake kuwa Aprili 2026. Tarehe hizo hutangazwa mapema. Mfumo wenye tarehe ya kufa iliyotangazwa mapema namna hiyo unastahili angalau kukumbukwa kwenye kalenda ya ukutani, kando ya ile ya karo.

Heshima ya Tegemezi imeanza kupanda, lakini si kwetu. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliyopata nguvu ya kisheria Desemba 2024, na masharti yake makuu yataanza kubana Desemba 2027. Mtengenezaji anayetaka kuuza kifaa chenye programu huko atatakiwa kuwa na orodha ya vijenzi vilivyomo. Yocto huweza kuitoa orodha hiyo yenyewe wakati wa kujenga, katika muundo wa SPDX, kama tu mjenzi hajaizima ili kuokoa dakika kadhaa. Kile ambacho fundi wetu alikilaani usiku, akidhani kinamchelewesha, Ulaya itakidai kisheria.

Sisi hatuna haja ya kungoja Brussels. Kaunti zinanunua vifaa vya maji, vyama vya maziwa vinanunua vya kupimia, shule zinanunua rauta, na mtu wa manunuzi huuliza bei, dhamana na kama kuna rangi nyingine. Aongeze swali moja. Nawe msomaji, ukiwa na kioski chako, na fundi akakuletea kisanduku kinachong'aa, kabla ya kufungua M-Pesa mwambie akupe orodha ya tegemezi zake, pamoja na matoleo, na atakayezisasisha lini. Akikupa karatasi ndefu iliyojaa majina usiyoyajua, mlipe na umpe chai. Akikwambia mfumo wake hautegemei chochote, mrudishie kisanduku chake.